Shangazi Nabintu Aenda Kusoma Kamba

Nabintu hajui kusema "sijui". Naanzia hapo kwa sababu ndio ugonjwa wake, na mimi ni rafiki yake, nina ruhusa ya kumsema. Muulize njia ya kwenda mahali ambapo hajawahi kukanyaga, atakuonyesha kwa mkono mzima, na wewe utapotea huku una uhakika. Miaka hiyo ninayosimulia, tangu 2015, alikuwa anakaa Beechmont, kule Louisville, Kentucky, anakunja mashuka ya hospitali kwenye kiwanda cha kufulia mpaka mabega yanalia. Hiyo ilikuwa kazi ya kula. Kazi yake ya heshima ilikuwa ushangazi.

Kwetu Kivu, mashariki ya Kongo, msichana akiolewa, mama yake hawezi kumwambia mambo ya chumbani. Atasikia haya. Kazi hiyo ni ya shangazi, dada ya baba. Anaingia na bibi-arusi, mlango unafungwa, na kinachosemwa humo ni cha shangazi peke yake. Mwanamume haulizi, hata awe mchungaji. Bon, huku Amerika wasichana wengi mashangazi wao walibaki kambini ao makaburini, kwa hiyo Nabintu akawa shangazi wa kuazimwa. Louisville walimwita, Columbus walimwita, Buffalo walimwita. Akienda Buffalo anapitia kwangu Reynoldsburg, pembeni ya Columbus, analala, anakula sombe yangu ya majani ya muhogo na kuniambia imekosa chumvi, na kesho yake mimi ndiye dereva. Njo vile mimi Spés niliingia katika habari hii. Sikuomba.

Lakini mmoja hakuwa wa kuazimwa. Aksanti alikuwa damu yake, mtoto wa kaka yake Bisimwa. Bisimwa alikufa kule Walungu wakati wa vita, mama wa mtoto alikuwa ameshatangulia, na Nabintu, ambaye Mungu hakumpa wa kwake, akamvusha yule mtoto mpaka Burundi, halafu mpaka Kentucky. Mtoto aliambiwa baba yake aliondoka na homa. Akakua, akasoma, akapata kazi ya kutunza wazee, akaolewa na Mugisho wa Buffalo. Huyo Mugisho akigonga mlango kwa bega anauomba mlango samahani. Siku za kazi anapanga masanduku kwenye depo karibu na uwanja wa ndege, Jumapili anapiga gitaa kanisani. Nabintu alimfunda Aksanti mwenyewe, na siku ile alitoka chumbani ameinua shingo kama mtu aliyemaliza kuezeka nyumba.

Kiangazi kile kulikuwa na harusi ya jamaa Louisville. Aksanti na Mugisho wakaja kwa gari, wakalala hoteli badala ya kulala kwa shangazi. Hilo peke yake lilikuwa tusi, na Nabintu alikuwa analitafuna tangu alfajiri. Asubuhi tulikuwa jikoni wanawake wengi, majani ya muhogo yamejaa mabeseni, na Aksanti akakunja mikono ya blauzi ili aoshe. Nikaziona mimi, akaziona Nabintu. Kwenye mikono yote miwili, juu ya kifundo na tena juu ya kiwiko, alama mbili mbili, zimelala sambamba, na ndani yake ule msokoto wa kamba umejichora kwenye ngozi.

"Aksanti, hii ni kitu gani?"

"Ni kazi, shangazi. Tunainuaka wazee." Akashusha mikono ya blauzi, ikaloa yote majini. Hakumtazama shangazi yake.

Nabintu aliweka kisu chini, akanivuta nje nyuma ya nyumba. Uso ulikuwa umebadilika rangi. Nilimjua miaka mingi lakini siku ile ndipo aliponiambia kilichomuua Bisimwa. Hapakuwa na homa. Watu wa msituni walikuja nyumbani, wakamkunja mikono nyuma, wakamfunga kamba, wakaondoka naye. Alipopatikana kando ya mto, wanaume waliogopa kumgusa, na Nabintu ndiye aliyemfungua zile kamba.

"Mi najua ile alama, Spés. Ninaijua kama jina yangu. Ule mwanaume anafungaka mutoto yangu."

Mtu mwenye akili iliyotulia angemrudia msichana, angemkalisha pembeni, angeuliza tena. Nilimwambia hivyo. Akanitolea macho. Shangazi anayeuliza mara mbili anaonyesha kwamba hajui, na yeye, donc, alikuwa anajua tayari. Akanyamaza siku nzima, akacheza hata kwenye harusi, akawaaga kwa kicheko. Halafu akapiga simu Buffalo na kuomba kikao cha familia.

Mwezi haukuisha tukawa Cheektowaga, pembeni ya Buffalo, kwenye sebule ya baba mdogo wake Mugisho, mzee Cubaka, shemasi. Shangazi haendi peke yake kwenye kikao, lazima awe na mwanamke wa kushuhudia, na shahidi mwenye gari ni mimi. Wazee wa upande wa mwanamume walikaa kwenye viti virefu, sisi tukapewa sofa. Televisheni ilikuwa inaonyesha mpira bila sauti na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuizima. Ndege zilikuwa zinapita chini chini juu ya paa, na kila moja ikipita mzee Cubaka anasubiri, halafu anaendelea. Aksanti alikaa karibu na mlango wa jikoni. Mugisho alisimamishwa katikati.

Nabintu hakuzunguka. "Mugisho, mutoto yangu iko na alama ya kamba ku mikono. Ulimufunga ao hukumufunga?"

Mugisho alimtazama mke wake. Nami nikamtazama. Aksanti alikuwa anaangalia zulia, na masikio yake yalikuwa yamewaka. Mugisho akangoja. Ndege moja ikapita. Akasema, "Ndiyo, mama. Nilimufunga."

"Juu ya nini?"

Hapo hakujibu. Baba mdogo wake alimuuliza, wazee wakamuuliza, mmoja akamuuliza kwa hasira, mwingine kwa upole, na yule kijana alisimama pale akikunja kofia yake na hakusema neno lingine. Kimya kile kilimhukumu kuliko maneno. Wakamwondoa kwenye gitaa la kanisa. Mzee Cubaka, ambaye nywele zake ni nyeupe zote, akainuka na kumwomba Nabintu msamaha mbele ya watu. Tukaondoka na Aksanti na sanduku lake, kama desturi inavyotaka mwanamke akiumizwa: anarudi kwao mpaka mambo yaamuliwe. Nabintu alikuwa ameshinda, na niseme kweli, hata mimi nilimwona ameshinda.

Kule Beechmont Aksanti akawa mtu wa kulala amegeukia ukuta. Hali chakula, haongei, akijibu anajibu Kiingereza, na kwake hiyo ni hasira ya mwisho. Baridi ilipoanza, mzee Cubaka alituma ujumbe wa heshima: upande wao umekubali kosa, lakini kijana anakonda, kabla ya Noeli shangazi aamue, amrudishe mke wa watu ao aivunje ndoa, wote wajue. Siku Nabintu alipoleta habari hiyo mezani na kusema ataivunja, ndipo msichana akafungua kinywa.

"Shangazi, ni miye njo nilimuomba."

Nabintu alinipigia simu papo hapo, anaongea kwa kunong'ona kama mtu mwenye mwizi ndani. Alisema mtoto amerogwa. Amekaa anamwambia kwamba kuna kitu cha Wajapani, cha kufungana kamba, watu wawili wanaopendana wanafanya, na kwamba yeye ndiye aliyekisoma kwanza, yeye ndiye aliyemtafutia Mugisho darasa la wanaoanza kule Buffalo, na Mugisho mwanzoni alitetemeka mpaka kamba ikamwanguka. Na kwamba darasa kama hilo lipo hata Columbus, Jumamosi mchana, mtu mzima yeyote anaingia, na shangazi aende akaone kwa macho yake kabla ya kuvunja nyumba ya mtu.

"Na weye unawaza nini?" nikamuuliza.

"Nikimurudisha na ni uongo, atanifia kama Bisimwa. Nikivunja na ni kweli, nimemuua na mikono yangu. Spés, uko na gari."

Walikuja yeye na Aksanti kwa basi. Aksanti tulimwacha kwangu nyumbani, sisi tukaenda. Nilimwomba Nabintu tuvae suruali na kofia tusijulikane. Akakataa, akavaa kitenge na kilemba, akasema kama ni shughuli ya shetani basi shetani ataona amekuja mtoto wa Mungu. Mimi, mama wa kwaya, niliegesha gari mtaa wa pili na kutembea nimeinamisha uso, na ilikuwa mchana kweupe, na ungedhani Columbus nzima inanijua kwa jina.

Palikuwa chumba cha juu, chini yake watu wanatengeneza baiskeli. Nilitarajia giza na mishumaa. Kulikuwa na mikeka, birika la chai, na watu kama wa foleni ya benki: vijana wawili wanaochekacheka, mwanamke mmoja aliyetoka kazini na sare yake, mzee mwenye miwani na mke wake waliovaa soksi za sufu zinazofanana. Mwalimu alikuwa anaitwa Denise, nywele fupi zenye mvi, sauti ya mwalimu wa chekechea. Hakuna aliyekuwa uchi. Nabintu aliangalia kila kona kuhakikisha.

Kazi ya kutafsiri ikawa yangu. Kiingereza changu ni cha kuogesha wazee: inua mkono, geuka, unaumia wapi, unahisi vidole? Nilidhani hakitafika mbali. Kumbe kilitosha, kwa sababu yule mwanamke hakusema vingine. Alituonyesha kamba ya juti, unene wa kidole kidogo, akaeleza inavyopitishwa juu ya moto kuunguza nywele nywele na kupakwa mafuta ili isichome ngozi. Akasema shingoni kamba haipiti kamwe. Akatuonyesha kwa ndani ya mkono, juu ya kiwiko, mahali ambapo mshipa wa fahamu uko karibu, ukibanwa mkono unakufa ganzi. Chini ya kamba lazima vidole viwili vipite. Aliyefungwa haachwi peke yake, hata kwa kwenda kuchukua maji. Na mkasi wenye ncha butu unakaa karibu muda wote, si kwenye mkoba, si kwenye droo, hapa, mkono unapofika.

Akasema pia ilikotoka. Zamani, huko Japani, askari walikuwa wanafunga wafungwa wao kwa kamba, na kulikuwa na mafundi wa kazi hiyo. Baadaye watu wakaigeuza ikawa kitu kingine. Nilipotafsiri neno "wafungwa", Nabintu akasimama. Nikadhani tunaondoka, nikashika mkoba.

"Mwulize," akasema, kwa sauti ya kikao. "Yule anafungwa, akichoka, anasema namna gani?"

Chumba kizima kilitugeukia. Nilitamani mkeka unifunike. Nikauliza. Denise akasema, "Anasema tu. Kabla hujauliza kwa nini, umeshaanza kufungua. Fundo likikataa, unakata."

"Na kama ule anafunga hataki kufungua?"

Denise aliacha kutabasamu. "Basi hiyo si hii tena. Hiyo ni jinai, na mimi mwenyewe nitaita polisi."

Nabintu alisimama bado kidogo. "Mwambie asante," akasema, akakaa.

Halafu ikaja zamu ya mazoezi. Yule mzee mwenye miwani alikuwa anamfunga mkewe mikono, na kila akizungusha mara moja anainama na kuuliza kitu sikioni, na mama yule anaitikia kwa kichwa, macho ameshayafumba. Denise akaja kwetu na kamba, akauliza kama tumewahi kushika. Nilikuwa nimeshafungua kinywa nimjibu kwa heshima kwamba sisi tuna mgongo mbovu, Nabintu akanitangulia.

"Mwambie sijui. Anifundishe."

Nilitafsiri lakini nilikuwa namwangalia. Aliipokea ile kamba kwa mikono miwili, akaigeuza, akaigeuza tena, kama mtu anayetafuta fundo la kufungua. Denise hakumharakisha. Akamwambia aniulize kwanza kama nakubali.

"Ninamuuliza nini? Ni Spés."

"Muulize."

Miaka yote hiyo Nabintu alikula kwangu, akalala kwangu, akaniendeshesha mpaka Buffalo na kurudi, na hakuwahi kuniuliza kama nataka. Akanigeukia, na nikaona ni neno gumu kwake, kama mfupa wa samaki.

"Spés, unakubali?"

Nikasema nakubali, na sauti yangu ikatoka nyembamba kuliko nilivyopanga. Akanifunga mikono yote miwili mbele, kama alivyoonyeshwa. Akapitisha vidole viwili. Akaniuliza kama nasikia vidole vyangu. Nitasema kitu na sitakirudia: haikuumiza. Ilikuwa kama kushikwa na mtu ambaye hana haraka, na mimi ni mjane, ilikuwa muda mrefu hakuna aliyenishika bila haraka. Nilisikia haya mpaka kwenye miguu. Basi akafungua, akaigeuza mikono yangu kwenye mwanga, na hizo hapo, alama mbili mbili na msokoto ndani. Zile zile za Aksanti. Akazisugua kwa kidole gumba, polepole, akazisugua mpaka Denise akaja akamwambia zinaondoka zenyewe.

Kwenye gari nilipotaka kuwasha, akanizuia. Akachukua mkono wangu, akaangalia. Ngozi ilikuwa karibu safi.

"Ya Bisimwa haikutoka," akasema. "Tulimuzika nayo."

Hapo ndipo alipolia, na kilemba kikamwanguka, na watu walikuwa wanapita na mifuko yao ya sokoni wakituangalia. Nilimwacha alie. Nabintu akilia hataki kushikwa.

Kwangu Aksanti alikuwa amepika bugali na samaki, mara yake ya kwanza kupika tangu atoke Buffalo. Hakuuliza kitu. Nabintu alinawa, akakaa, hakula. Mtu mwingine angeishia kwenye alichokiona, lakini yeye lazima ajue mzizi.

"Aksanti. Ni juu ya baba yako? Ulimuona vile walimufunga, njo maana unataka ile kitu?"

Mimi nilishika sahani. Msichana aliweka kijiko chini. Kumbe alijua siku zote. "Nilimuona, shangazi. Nilikuwa chini ya kitanda. Ile homa mulijiambiaka wenyewe, nikawaachia." Akamtazama shangazi yake usoni. "Lakini usitafute baba yangu mu kitanda yangu. Hayuko mule. Mule tuko miye na Mugisho."

Nabintu aliinamisha kichwa kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto, na hakuna kitu kibaya kuliko hicho kwetu, na hakurudisha.

"Sasa juu ya nini ulinyamaza pale Cheektowaga? Ulimuacha asimame pale peke yake."

"Nilisikia haya." Aksanti akafunika uso na mikono. "Alinitazama, anangoja niseme. Nikaangalia zulia. Kamba hainipi haya, shangazi. Inanipa haya ni ile siku. Ninamuota kila usiku na kofia yake mu mikono."

Sasa mambo yalikuwa wazi na yalikuwa mabaya. Mugisho alishtakiwa mbele ya watu, kwa hiyo lazima asafishwe mbele ya watu. Kumsafisha ni kusema kwamba mke ndiye aliyeomba. Aksanti alisema atasema mwenyewe. Nilimtazama, nikawafikiria wale wazee kwenye viti virefu, wake zao jikoni wanaosikiliza, na jinsi neno hilo lingefika Louisville kabla ya sisi kutoka barabarani. Wangempokea Mugisho kwa mikono miwili, na Aksanti wangemwangalia kwa jicho baya mpaka azeeke. Nabintu alisema tu, "Tutaenda," akaenda kulala na nguo.

Tulifika Cheektowaga theluji imeshashuka. Sebule ile ile, wazee wale wale. Wanawake walikuwa jikoni na mlango wazi kidogo. Mugisho alikaa kwenye kona, amekonda kweli, na Aksanti alipoingia, kijana alisimama, akakumbuka hana ruhusa, akakaa.

Mzee Cubaka akafungua kwa maombi, akamwuliza Nabintu ameamua nini. Aksanti akainuka kabla yake.

"Baba, miye niko na neno. Ile kamba, ni miye—"

"Kaa," Nabintu akasema.

"Shangazi, wacha niseme."

"Kaa, nimesema. Hapa kuna wakubwa." Akasimama yeye. Alikuwa na kitenge chake kizuri, na niliona ameng'ang'ania ukingo wa sofa kwa nyuma. "Ni miye njo nilimufundisha. Siku nilimufunda, mule chumbani, nilimufundisha kamba. Ni mambo ya kwetu, ya wanawake ya kwetu, mukwe alitii tu. Halafu mi mwenyewe nikaona alama, nikasahau ile nilifundisha, nikamuleta mukwe yangu mbele yenu kama mwizi. Mugisho, unisamehe. Baba Cubaka, uliinamisha kichwa yako nyeupe mbele yangu juu ya bure. Unisamehe."

Mimi nilijua, Aksanti alijua, Mugisho alijua kwamba katika maisha yake yote yule mama hakuwahi kufundisha kitu kama hicho, na kwamba alikijua juzi tu, kwenye mkeka, na mimi ndiye niliyefungwa. Wazee waliangalia televisheni. Huko jikoni sufuria moja iliwekwa chini taratibu. Mzee Cubaka akakohoa, akafuta miwani yake, akaivaa, akaivua tena. Mambo ya chumba cha shangazi mwanamume haulizi, na alikuwa na haraka ya kutouliza. "Bon," akasema. "Basi ni mambo ya mashangazi. Mugisho, chukua bibi yako."

Mugisho alipita mbele ya Nabintu, akapiga goti moja kama tunavyowasalimu wazazi, akakaa hapo chini muda mrefu kuliko salamu. Nabintu alimwekea mkono kichwani na kuangalia dirisha. Hatukukaa kula. Wanawake walituletea chakula chetu kimefungwa ndani ya karatasi ya aluminiamu, na yule aliyekileta alimpa Nabintu bila kumgusa mkono.

Barabarani, tulipopita mji wa Erie, akaongea mara moja tu. Aliniuliza kama nilihesabu ni mara ngapi yule mzee mwenye miwani alimuuliza mke wake kama anataka. Nikasema sikuhesabu. Akasema na yeye hakuhesabu, zilikuwa nyingi. "Wasichana wote wale nilifunda, Spés. Niliwaambia namna ya kukaa, namna ya kupika, namna ya kuvumilia. Hata mumoja sikumuulizaka anataka nini. Niko nasikia haya, na si haya ya kamba." Nilimwambia hakuna shangazi aliyekuwa anauliza. Akasema hilo analijua.

Habari zilifika Louisville kabla ya basi lake. Tangu pale hajaitwa kumfunda msichana yeyote. Mwaka uliofuata kulikuwa na harusi nyingi Beechmont, na mama za wasichana walimleta mwanamke kutoka Michigan, mgeni kabisa, hata Kishi, lugha yetu, hakijui vizuri. Nabintu alipewa viazi vya kumenya. Alivimenya vyote, na wasichana wakipita karibu naye wanachekea kwenye viganja. Mtu mmoja kanisani aliomba abadilishiwe kiti. Mimi nilitaka kusimama nitangaze ukweli wote, na Nabintu aliniapisha kwa jina la marehemu mume wangu, kwa hiyo natukana tu nikiwa peke yangu kwenye gari.

Mugisho amerudi kwenye gitaa. Wanaishi vizuri, nawaona kila nikipita, wamepata na mtoto wa kike. Ila Aksanti hakumpigia shangazi yake simu. Alishindwa. Kila Jumapili alinipigia mimi, ananiuliza shangazi anakula, shangazi analala, shangazi amenikasirikia? Nikamwambia muulize mwenyewe, wee mtoto, mimi si posta. Anasema atamwambia nini, aanzie wapi, mtu aliyejipaka matope mbele ya watu kwa ajili yake utamwambia asante kwa sauti gani?

Mwezi uliopita Nabintu alikuwa hapa kwangu, amekaa mezani, anachambua maharagwe. Simu yake ikalia, simu yake mwenyewe, si yangu. Aliichukua, akaona jina la Aksanti, na uso wake ukafunguka wote, halafu ukajifunga. Ikaendelea kulia. Akanisukumia juu ya meza, katikati ya maharagwe, akaficha mikono chini ya kitenge.

"Mwambie nalala," akasema. Ilikuwa saa sita mchana.